Chumvi Kwenye Tuta la Maua

Jeska alijua kuna jambo kabla hata hajafungua geti. Harufu ya sangara aliitarajia, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeruhusu samaki waingie uani kwake. Kilichomsimamisha ni ule weupe. Chini ya ukuta wa nyuma, pale alipoacha udongo mwekundu mkavu siku sita zilizopita, palikuwa peupe kama pamemwagiwa unga wa muhogo.

Alisukuma geti, akaacha begi lake hapo hapo mlangoni, akapita katikati ya mafungu ya samaki bila kumsalimu mtu. Kwao hilo peke yake ni kosa la kuitiwa wazee. Alikuwa ametoka Kabasa, Bunda, ambako ana duka la kupamba harusi, na wiki nzima ameshinda juu ya ngazi akifunga vitambaa na maua ya plastiki kwenye kumbi za watu. Njia nzima ya kurudi nyumbani Buhare alikuwa na hamu moja tu, akae na mchumba wake Nathanieli barazani wapange habari ya Jumamosi ijayo. Jumamosi hiyo wazee wa kina Nathanieli wangekwenda Mwitongo, kule Butiama, kwa mama yake na bibi yake Jeska, kufunga mazungumzo na kutaja tarehe ya harusi.

Alichuchumaa. Akagusa ule weupe kwa kidole, akakipeleka ulimini. Ilikuwa chumvi.

Na chini ya chumvi hiyo vilikuwa vimelala vitunguu vya maua. Si vitunguu vya kutia kwenye mchuzi. Hivi ukivila vitakulaza hospitali. Ni vya lile ua ambalo bibi yake huliita ua la mvua, jekundu, la duara, kubwa kuliko ngumi mbili. Mvua za kwanza zikipiga, linatoka peke yake ardhini. Kiangazi kikikaza, majani yanakauka na kupotea kabisa, udongo unabaki mtupu, na asiyejua atakuapia kwamba hapo hapana kitu. Bibi Hana alimchimbulia vichache kwenye kivuli cha mawe nyuma ya nyumba yake. Jeska akavilea kwenye ndoo miaka minne, vikazaana chini kwa chini, mpaka vikatosha kujaza tuta zima la ukutani. Mtu aliyepamba harusi za wenzake kwa plastiki mpaka vidole vikaota sugu alikuwa na tamaa moja: harusi yake iwe ya mwezi wa kumi na moja, na kanisani kusiwe na ua la plastiki hata moja.

Nathanieli aliyajua yote hayo. Mwaka jana, Septemba kama hii, walivipanda pamoja. Yeye alipiga magoti upande ule, Jeska upande huu, na vitunguu vitatu vya kwanza Nathanieli alivitia ardhini miguu juu kichwa chini, Jeska akacheka mpaka akakaa chini. Walipomaliza, magoti ya suruali yake yakiwa mekundu kwa udongo, Nathanieli alimshika mikono yote miwili akamwambia anataka kumwoa. Alisema hapo hapo, mbele ya tuta hilo hilo ambalo sasa limekaangwa kwa chumvi.

Jeska alisimama. Hasira ilimpanda, akaiacha ipande.

"Nani amemwaga chumvi hapa?"

Uani palikuwa na watu watano. Wanawake wawili wa kibarua walikuwa wakifunga marobota ya kayabo, wale sangara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Baba mdogo Stanislausi, mdogo wa marehemu baba yake Nathanieli, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa akisubiri lori la mzigo, na tangu Jeska aingie alikuwa hajaacha kumtazama. Nathanieli mwenyewe alikuwa na kamba mkononi. Na aliyejibu alikuwa mama yake, Bi Rebeka, mjane aliyelea watoto sita kwa kisu cha samaki na hakuwahi kumwomba mtu.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Maji ya kayabo tulikuwa tunamwagaga hapo. Kuna shida?"

Inafaa isemwe hapa kwamba Bi Rebeka na Jeska hawakuwa wameivana. Kwa miezi minane mama huyo alikuwa akisema kila alipopata nafasi kwamba maua hayaliwi, kwamba mwanawe anahitaji mke atakayeingiza mikono kwenye chumvi, si wa kupuliza manukato. Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliochoma. Wiki iliyopita ziwa lilipojaa na kuzifikia chanja zao za kuanikia samaki, Nathanieli alimwomba Jeska uani kwake kwa siku chache, naye akakubali upesi kwa sababu alitaka mama mkwe aone kwamba haogopi samaki. Sasa alijiona mjinga.

"Shida," Jeska alisema, "shida ni kwamba mama umeua vitu vyangu. Kulikuwa na chupa hapa. Chupa za soda, nilizifukia kuzunguka tuta lote ili mtu ajue pamepandwa. Ziko wapi?"

Kabla hajajibiwa, macho yake yaliziona. Zilikuwa zimeng'olewa zote, zimeoshwa, zimesimamishwa kwa mstari pembeni ya karo. Kuziona zimeoshwa kulimuuma kuliko kama angezikuta zimevunjwa. Aliyezing'oa hakuwa na haraka.

Hapo ndipo alipofungua mdomo, na yaliyotoka hayakupimwa. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa pale Buhare siku hiyo kumshika mkono. Alimwambia Bi Rebeka kwamba tangu mwanzo hakumtaka. Alimwambia amekaa akitafuta mahali pa kumpiga, na amepapata. Alimwambia maji ya chumvi yana mahali pengi pa kumwagwa, kuna mtaro nje ya geti, hatua kumi tu, lakini yeye amechagua tuta, na hakuchagua kwa bahati mbaya. Alimwita mama huyo mama mwenye roho ya kutu. Wale wanawake wa kibarua waliacha kufunga, wakainamisha vichwa.

Bi Rebeka alikuwa amesimama na kisu mkononi, magamba ya samaki yameganda mpaka kwenye viwiko, na hakuwa anamtazama Jeska. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Nathanieli alikuwa akiifunga kamba kwenye robota ambalo lilikwisha kufungwa.

Jeska alimgeukia. "Na wewe husemi kitu. Mama yako anafanya hivi, unafunga kamba."

"Jeska, tutaongea," Nathanieli alisema. "Wacha mzigo uondoke kwanza."

"Tutaongea nini? Si ulikuwepo?"

"Nimesema tutaongea."

Baba mdogo Stanislausi akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayemaliza ugomvi wa watoto kwamba mkwe wao asikasirike, vitunguu sokoni vimejaa, Nathanieli atamnunulia gunia. Akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Ndipo Bi Rebeka alipoweka kisu chini. Alikifuta kwanza kwenye khanga, akakilaza juu ya ubao.

"Nathanieli," aliita. "Sema."

Nathanieli aliinamia kamba yake.

"Nimetukanwa na mtoto wa mwenzangu mbele ya vibarua, na wewe unanisikilizia. Usiposema wewe, nasema mimi."

"Mama, achana nayo."

"Haya. Nasema." Akamgeukia Jeska, na sauti yake ilikuwa kavu, haina upole wala ukali. "Mimi ni mkulima pia, mwanangu. Nimelimaga mihogo na viazi tangu sijavunja ungo. Nikikuta udongo umetifuliwa vile najua kuna mkono wa mtu. Siku ya kwanza nimebeba ndoo, nikasimama hapo ulipo wewe. Nikamuuliza huyu, 'Hapa pana kitu?' Akasema hapana. Nikamwambia, mbona pana chupa? Akasema chupa ni za mapambo tu, za zamani. Nikamuuliza mara ya pili, maana sikuamini. Akasema, 'Mama, hapo pamekufa, mwaga tu.' Ni yeye amezing'oa hizo chupa. Mimi nilichofanya ni kuziosha, zilikuwa na matope."

Jeska alihisi uso umemwaka moto, kwanza kwa matusi aliyoyatupa mahali pasipo pake, kisha kwa sababu nyingine iliyokuwa nzito zaidi. Alimtazama mwanaume aliyempenda. Alimpenda kweli, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Alipenda mabega yale, na namna anavyonyamaza akiwa anafikiri. Leo aliona kwamba muda mwingine Nathanieli hunyamaza bila kufikiri chochote.

"Ni kweli?" aliuliza.

Nathanieli aliitikia kwa kichwa.

"Sitaki kichwa. Nataka mdomo."

"Ni kweli."

"Ulisahau?"

Alimpa huo mlango, na kwa sekunde moja alimwombea aupite. Mtu anaweza kusahau. Mtu aliyechoka, samaki wanaharibika, jua kali, anaweza kusahau hata alipochumbia. Angesema amesahau, Jeska angelia, angemtukana, na mwishoni angemsamehe.

"Sikusahau," Nathanieli alisema.

"Basi kwa nini?"

Nathanieli alitupa jicho kwa baba yake mdogo, akalirudisha haraka. Kilikuwa kitendo kidogo sana, lakini Jeska alikiona, na jibu akalijua kabla hajaambiwa.

Alilazimika kuambiwa hivyo hivyo. Nathanieli alisema kwa sauti ya chini kwamba mwaka jana, walipokuwa wakipanda, kuna mtu wa mwaloni, kule wanakoshushia samaki, alipita akamwona amepiga magoti. Habari zikafika kwa wavuvi. Tangu hapo anaitwa Bwana Maua. Akisukuma mtumbwi, Bwana Maua. Akipima samaki, Bwana Maua amwagilie kwanza. Baba mdogo ndiye aliyelikuza jina hilo mpaka likavuka kijiji. Sasa siku ile mama anauliza, baba mdogo yuko pale pale kwenye ndoo, vibarua wanasikiliza.

"Nikaona haya," alisema. "Ningesema nini? Niseme hapana, msimwage, kuna maua tulipanda? Wangecheka mpaka Desemba. Neno limenitoka tu. Halafu lilivyotoka, nikashindwa kulirudisha. Kila ndoo ilivyokuwa inamwagwa nilikuwa nasema kesho nitamzuia."

"Siku tano."

"Siku tano."

Jeska alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Maua hukuyaonea haya wewe, Nathanieli. Ulinionea haya mimi. Tuta ni mimi. Ulipoulizwa hapa pana kitu, ukasema hapana."

"Sikumaanisha hivyo."

"Mimi ndivyo nilivyosikia. Na Jumamosi wazee wako wakikaa kwetu Mwitongo, wakiuliza huyu binti ana nini, utasemaje? Pamekufa, mwaga tu?"

Jeska akamwacha hapo na jasho lake, akaenda mpaka kwa Bi Rebeka. Kuomba radhi kwa mtu uliyemtukana mbele ya watu ni kazi kuliko kumtukana. Alipiga goti moja, kama walivyomfundisha kwao.

"Mama, nimekukosea. Nimekusema vibaya na hukustahili. Naomba unisamehe."

"Roho ya kutu," Bi Rebeka alisema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Sijawahi kuitwa hivyo. Simama, mwanangu. Na mimi nilikuwa nakusema vibaya pembeni, ila wewe hukusikia. Tumelingana."

Nyuma yao palisikika mlio wa jembe. Nathanieli alikuwa amelichukua kwenye kona, akaenda kwenye tuta, akalipiga mara moja, kisha akalitupa kando, kwa kuwa alikumbuka kwamba jembe hukata vitunguu. Akapiga magoti. Alikwangua lile ganda jeupe kwa vidole, akaingiza mikono kwenye tope la chumvi mpaka viwikoni, na vidonda vya kisu alivyonavyo kila mpasua samaki vikawa vinamuuma waziwazi. Jeska hakumhurumia. Alisimama akaangalia.

Baba mdogo Stanislausi alishindwa kujizuia. "Bwana Maua kazini," alisema. "Unatafuta kitunguu cha kachumbari?"

Mikono ya Nathanieli ilisimama udongoni. Wale vibarua waliangaliana. Jeska alijikuta amebana pumzi, akajichukia kwa kuibana, maana kama alikuwa amekwisha kukata tamaa, pumzi ilikuwa ya nini?

Nathanieli aliinua uso. "Baba mdogo," alisema, bila kupaza sauti, "natafuta maua ya mke wangu. Niliyapanda mimi mwenyewe kwa magoti, na niliyaua mimi mwenyewe kwa kukuogopa wewe. Hilo jina uniite tu, nimeshalikubali. Ila ukae ukijua limenigharimu nini."

Mzee akainuka kwenye ndoo, akasema anakwenda kuangalia lori limefika wapi. Lori lilikuwa bado, lakini alikwenda, na wale wanawake wakakumbuka ghafla kwamba marobota hayajifungi yenyewe.

Jeska hakuyaacha maneno yale yapite hivi hivi. "Mimi si mke wako," alisema.

"Najua."

"Endelea kuchimba."

Alichimba mpaka jua likaegemea upande wa ziwa. Kitunguu cha kwanza kilitoka laini, kikapasukia mkononi mwake na kutoa maji ya kahawia yenye harufu mbaya. Cha pili vile vile. Vya upande wa mbele, ambako ndoo zilimwagwa, viliiva kwa chumvi vyote, na kila alipotoa kimoja alikiweka mbele ya miguu ya Jeska bila kusema kitu, kama mtu anayeleta ushahidi wa kumfunga yeye mwenyewe. Jeska aliviangalia vikiongezeka na machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alimlilia bibi yake aliyeinama na mgongo wake mbovu kumchimbulia mbegu, na kanisa alilolipamba kichwani mara nyingi kuliko kumbi zote za Bunda.

Ukutani kabisa, chini ya kivuli cha bati, chumvi haikufika vizuri. Hapo Nathanieli alitoa kimoja kigumu. Alikifinya, akakinusa, akakisugua kwenye shati. Akachimba tena, akapata vingine, vimekumbatiana na mizizi yao minene myeupe. Havikuwa vingi, vilijaa khanga moja tu, alipoitandaza Jeska chini kuvipokea.

Nathanieli alibaki amepiga magoti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi, au kwa kitu kingine. "Nitatoa huu udongo wote," alisema. "Nitaleta mwingine. Tutavipanda upya hapa hapa. Mvua bado."

"Udongo utautoa," Jeska alisema, akifunga pembe za khanga. "Utachimba mpaka ukutane na udongo usio na chumvi, na ukionja ukikuta bado chumvi unaendelea. Lakini hivi havilali tena hapa. Kesho navipeleka Mwitongo kwa bibi, navirudisha pale pale vilipotoka."

"Na Jumamosi?"

Hapo ndipo penyewe. Wote wawili walikuwa wakilizunguka swali hilo tangu mchana. Bi Rebeka alikuwa akiosha mikono karoni, akafunga bomba asikie.

"Jumamosi wazee wako wasije," Jeska alisema. "Sijasema hapana, Nathanieli. Ningekuwa nasema hapana nisingekusimamia hapa kutwa nzima. Nasema wasubiri mvua. Mvua zikipiga, uje Mwitongo mwenyewe, bila baba mdogo, uangalie kama vimechipua. Vikichipua, tutaongea habari ya tarehe."

"Na visipochipua?"

"Basi utakuwa umesema kweli. Pamekufa."

Nathanieli alimgeukia mama yake, kama wafanyavyo watoto wote wa kiume wakibanwa, hata wenye ndevu. Alitegemea mama aseme kwamba haiwezekani, wazee wamekwisha kuambiwa, ng'ombe wamekwisha kuchaguliwa, watu watasema nini. Mwezi mmoja uliopita angesema hayo yote na kuongeza.

"Usiniangalie mimi," Bi Rebeka alisema. "Wazee nitawaambia mwenyewe. Mimi ningekuwa yeye, ningekusubirisha mvua mbili."

Kisha akaja mpaka kwa Jeska, mikono ikidondosha maji, akafunua ncha ya khanga na kuchungulia ndani. Alichukua kitunguu kimoja, akakigeuza geuza kama anavyogeuza samaki kutazama matamvua yake.

"Hiki nipe mimi," alisema. "Nikakipande kwangu, mbele ya mlango, kila mwenye mtumbwi akipita akione. Nataka nilione hilo ua ambalo mwanangu amelionea haya."

Jeska alishika ule mkono uliolowa maji, akakigeuza kitunguu kiganjani mwa mama, mizizi chini, ncha juu.

"Hivi, mama," alisema. "Kichwa kinakaaga juu. Mwanao anajua, alishafundishwa."